Nimekuja Kucheza

Afisa wa dirishani pale Songwe alirudia swali lake mara ya tatu. Nimekuja kufanya nini? Biashara? Hapana. Msiba? Hapana. Nina ndugu Karonga, Mzuzu, Lilongwe? Sina. Nikamwambia nimekuja kutembea tu, peke yangu, wiki tatu, nione nchi. Akaniangalia, akaliangalia begi langu la mgongoni, akamwita mwenzake. Wakateta kidogo kwa Kingonde. Nilijua ni Kingonde kwa sababu maneno mawili matatu nilikuwa nimetoka kuyasikia asubuhi ile kwa Wanyakyusa niliopanda nao kosta kutoka Mbeya. Kisha akagonga muhuri, siku 30, akanisogezea pasi yangu. "Karibu Malawi, dada," akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa.

Leo ni siku ya tisa. Niko Nkhata Bay, nimekaa kibarazani kwa fundi mmoja mzee ambaye nitamweleza mbele, na swali la yule afisa nimeulizwa karibu na kila mtu tangu nivuke daraja la mto Songwe. Nataka niliandike kabla sijalizoea.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda changu Buguruni, huu mwaka wa 11, nashona sare za shule, madera na magauni ya harusi. Pesa ya safari hii imetoka kwenye kibubu cha mbao nilichokianza Januari ya mwaka jana. Kila gauni likitoka, elfu mbili ndani. Nilipokivunja mwezi wa tano nikakuta laki saba na elfu arobaini. Nikatenga nauli ya Dar na Mbeya, kwenda na kurudi, kilichobaki nikakigawa kwa siku 21. Ikanijia kama elfu 29 kwa siku, humo humo kulala, kula na nauli. Halafu nikashona mfuko wa zipu upande wa ndani wa shimizi, mwingine kwenye mkanda wa sketi, wa tatu chini ya kitako cha begi, pesa nikazigawa mara tatu. Mshono wa ule wa shimizi niliurudia mara mbili kwa uzi wa nailoni.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo unaenda kuzurura." Hakusema kwa ubaya. Ndilo neno alilokuwa nalo. Kwetu mtu husafiri kwa sababu: mgonjwa, maziko, posa, masomo, mzigo. Kutalii ni kwa mzungu na kofia yake. Usiku wa kuamkia safari akaja chumbani na ushauri: "Ukiulizwa, sema umefuata vitenge." Nilimpenda sana kwa hilo, lakini nilikataa. Miaka 11 nimewashonea watu nguo za safari zao. Hii nilitaka iwe yangu, na niiite kwa jina lake.

Upande wa pili wa daraja vijana wa kubadilisha pesa wanakujia na mabunda yaliyofungwa mpira. Nilibadilisha kidogo, ya kunifikisha Karonga, nikahesabu noti moja moja huku nimeegemea ukuta. Kwacha maana yake kumekucha. Ilianza kutumika Malawi mwaka 1971, ikachukua nafasi ya pauni, na sehemu zake mia moja zinaitwa tambala, yaani jogoo. Jogoo mia, kumekucha moja. Kijana aliyenieleza hilo alifurahi kuona nimeelewa bila kutafsiriwa, na mimi nilitembea na furaha hiyo mpaka kwenye teksi.

Teksi za Songwe ni gari ndogo. Nyuma watu wanne na mtoto, mbele wawili na dereva. Mpaka Karonga ni kama kilomita 50, na njiani kuna vizuizi vya polisi ambapo abiria mmoja hushuka, akavuka kwa miguu, akapandia mbele. Mama niliyebanana naye alikuwa na gunia la mchele miguuni. Nikamuuliza mchele gani, akajibu: Kilombero. Nikadhani ameutoa kwetu. Hapana. Analima mwenyewe, hapo hapo Karonga. Huku Kilombero ndilo jina la mchele mzuri, ule wenye harufu, mtu akitaka kumheshimu mgeni ndio anaoupika. Nyuma yangu kilomita chache tu kulikuwa na Kyela, ambayo sisi Dar tukitaka mchele mzuri ndiyo tunayoitaja. Mbegu zinavuka mto huu kuliko watu.

Kisha akaniuliza: "Unakwenda kwa nani?"

"Sina mtu. Natembea."

"Mume wako yuko wapi?"

"Sina bado."

Akakaa kimya muda. Kisha akamega ndizi yake akanipa nusu.

Karonga ni mji wa joto, tambarare, na baiskeli. Baiskeli ya kubebea abiria wanaiita kabaza, na kiti cha nyuma kimewekewa godoro dogo lililoshonewa kitambaa. Niliangalia mishono ya kile nilichokalia: ngozi ya bandia nyekundu, pindo limekunjwa mara mbili, pembeni vifundo vya uzi wa njano. Kazi ya mtu aliyejali. Gesti nilipata chumba chenye neti na ndoo, choo nje. Kabla giza halijaingia nilikuwa ndani. Hiyo ni sharti niliyojiwekea kila mji, na mwezi huu wa sita giza la huku halichelewi.

Kesho yake nikaenda makumbusho. Nilivutwa na mjusi. Makumbusho ya Karonga yana mifupa ya Malawisaurus, dinosauri aliyechimbuliwa katika wilaya hiyo hiyo, na ingawa kilichosimamishwa ukumbini ni mfano, unasimama chini ya shingo yake ukijua kwamba alipotoka ni hapo nyuma, mahali unapoweza kwenda na kurudi kwa siku moja. Wa kwetu wa Tendaguru, waliochimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, mpaka leo wako Berlin. Bibi yangu mzaa mama ni wa Kilwa Kivinje. Njia ya Lindi ameipita maisha yake yote, na mfupa mmoja hakuwahi kuuona. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Kuna pia habari ya taya la Uraha, taya la chini la binadamu wa kale sana lililopatikana mwaka 1991, lenye umri wa zaidi ya miaka milioni mbili. Lakini si taya wala mjusi nililotoka nalo moyoni. Ni Mlozi.

Kijana wa kutembeza wageni alikuwa akinieleza kwa Kiswahili, kwa hiari yake, baada ya kusikia natoka Dar. Tulipofika sehemu ya biashara ya utumwa akapunguza sauti. Mlozi bin Kazbadema alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Alikaa hapa Karonga miaka ya 1880, akajenga vijiji vyenye ngome, na mwaka 1887 watu wake wakawaua Wangonde, wenyeji wa hapa, waliokimbilia kwenye matete ya ziwa dogo la pembeni liitwalo Kambwe. Baada ya hapo ikawa vita kati yake na kampuni ya Waingereza ya biashara ya ziwani, ikaenda mpaka 1889. Desemba 1895 Waingereza wakamkamata, wakamnyonga hapa hapa.

Nikauliza swali la kijinga, au labda lilikuwa swali sahihi: "Watu wa Mlozi walikuwa wanaongea lugha gani?"

Akanitazama. "Hii tunayoongea."

Nimekua nikifundishwa kwamba Kiswahili ni lugha ya umoja, na naamini. Nakisikia kwenye daladala, msikitini, kwenye mpira, kinatuunganisha kweli. Sikuwahi kusimama mahali ambapo kilifika kwanza kikiwa ni lugha ya mtu mwenye bunduki na mnyororo. Na pale pale likanijia jambo la Kilwa. Nikiwa mdogo, tukienda likizo kwa bibi, kulikuwa na ukoo mmoja mtaa wa pili ambao watu wazima wakiutaja walikuwa wakishusha sauti wanasema, "wale ni Wanyasa." Nilidhani ni kabila kama Wamatumbi na Wangindo. Sikujua ni jina la ziwa. Sikujua kwamba Kilwa ndiko misafara mingi ya kutoka Nyasa ilikoishia, na kwamba ukoo ule ulikuwa umetembezwa kwa miguu, kutoka kwenye maji haya ninayoyaona sasa, mpaka baharini.

Nilimwambia yule kijana. Akasema kwao pia wapo wazee ambao hawapendi kusikia Kiswahili, ingawa wajukuu wao wanaimba bongo fleva kutwa. Kisha akanisindikiza mpaka getini, akaniita achemwali, dada, na kuniagiza nikifika Nkhotakota nisikilize zaidi, kwa sababu huko ndiko Salim bin Abdallah, Jumbe wa kwanza, alikoweka makao yake miaka ya 1840, na majahazi yake yakivusha watu. Nkhotakota haikuwa kwenye mpango wangu. Jioni ile nikaiandika.

Usiku sikulala vizuri, na asubuhi nikakutana na mambo ya saa. Mwenye gesti alikuwa ameniambia basi dogo la kwenda Mzuzu huondoka "7 koloko". Huku saa wanaihesabu kwa Kiingereza, 7 koloko ni saa yetu moja. Hilo nilikuwa nimeshajipanga nalo. Nilichosahau ni kwamba Malawi iko nyuma yetu kwa saa nzima, na saa yangu ya mkononi bado ilikuwa ya Buguruni. Nikafika stendi ndiyo kwanza kunapambazuka, hakuna basi, hakuna mpiga debe, kuna akina mama watatu tu wanaowasha moto.

Mmoja akanionyesha kigogo nikae. Alikuwa anakaanga kitu, nikauliza nini, akasema zitumbuwa. Moyo ukanienda mbio: vitumbua! Nikanunua vinne bila kuviangalia, nikategemea iliki, nazi, ule utamu wa mchele uliochachuka. Nikauma ndizi. Ni ndizi mbivu iliyopondwa ikachanganywa na unga wa mahindi na kukaangwa kwenye mafuta. Nje inakwaruza kidogo, rangi ya kahawia iliyokoza, ndani laini, na ule uchachu wa ndizi iliyoiva kupita kiasi. Ni chakula kizuri. Ila ulimi ulikuwa umeshafika nyumbani na kuambiwa urudi, na kwa dakika moja nilitaka kulia. Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba niko mbali.

Ndivyo ilivyo huku kwa kila kitu, na sikuitegemea. Nilijiandaa kwa nchi ngeni. Nimekuta nchi inayofanana na yetu kiasi cha kukufanya ushushe uangalizi, kisha inakugeuka kidogo. Moto ni moto, nyumba ni nyumba, nyama ni nyama, na kwa Kitumbuka maji ni maji. Ugali ni nsima, mweupe zaidi, laini zaidi, unatolewa vipande vipande vilivyokatwa kwa kijiko vikakaa sahanini kama mito midogo. Togwa ni thobwa. Mitumba ni kaunjika. Mbasa wa Kyela ni mpasa. Upepo wa kusini unaochafua ziwa miezi hii unaitwa mwera. Lakini konde si shamba wala ngumi, khonde ni baraza. Na kucheza si kucheza. Hilo nitalirudia.

Basi lilipojaa, karibu 9 koloko, tukashika barabara ya ziwani, maji yako kushoto. Nilishuka Chitimba kwa sababu nilitaka kupanda Gorode kwa miguu. Ni barabara ya vumbi yenye kona kali 20, inapanda kutoka ziwani mpaka Livingstonia, misheni ambayo Robert Laws aliihamishia juu mwaka 1894 baada ya malaria kuwamaliza wenzake kwenye makao mawili ya mwanzo huko chini. Magari ya juu yapo machache na nauli ilinishtua, kwa hiyo miguu. Nilianza na wanafunzi wawili wa kike waliobeba mabegi ya shule kichwani, wakaniacha kona ya sita. Kona ya tisa sketi ikashikwa na mwiba, nikasikia pindo likiachia, nikaendelea. Begi langu lilikuwa na kilo nane. Nilikuwa nimelipima dukani kwa mangi wa mtaani, na kila kilo niliijua jina.

Juu, kwenye ukingo, ziwa lote liko chini yako. Ng'ambo kuna mstari wa milima ya buluu. Nikamuuliza bibi aliyekuwa anapita na kuni, ile ni nini. "Tanzania." Ni ile milima yetu ya Livingstone, na mimi nimesimama Livingstonia. Mtu mmoja akapita pande hizi akaacha jina lake kila upande wa maji. Ziwa lenyewe tunaliita Nyasa, wao wanaliita Malawi, na mpaka wake serikali hizi mbili hazijakubaliana mpaka leo: wao wanashika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 unaopitisha mstari kwenye ufukwe wetu, sisi tunasema upite katikati. Bibi nilipomwambia natokea kule kwenye ile milima, hakuniuliza habari ya mpaka. Aliuliza kama kule mvua zilinyesha vizuri.

Mzuzu nilipita haraka. Kulikuwa na baridi ambayo sikuifungashia nguo, nikanunua sweta la kaunjika, nikala kondowole, ugali wa muhogo unaovutika kama gundi, kwa dagaa wanaowaita usipa. Foleni ya magari yanayosubiri mafuta ilikuwa imezunguka kona mbili, na nauli ya kushuka Nkhata Bay ilikuwa imepanda. Nilitoa. Njiani kuna mashamba ya mpira, na watoto wamesimama pembeni wakidundisha mipira waliyoiviringisha kwa utomvu wa miti hiyo, inaruka juu kuliko nyumba.

Nkhata Bay nilikuwa nimesoma kwamba wasafiri wa mabegi hufikia kwenye nyumba za wageni zilizojengwa mteremkoni juu ya maji, kitanda kwenye chumba cha watu sita, bei nafuu. Nikashuka ngazi za mawe mpaka mapokezi ya mojawapo. Sitaitaja. Mbele yangu walikuwa vijana wawili wa Kizungu, wakakaribishwa, wakapewa maji ya kunywa, wakaonyeshwa ramani. Zamu yangu ilipofika, dada wa mapokezi akaniambia kwa upole kwamba kwa sasa hawaajiri, nijaribu mwezi ujao.

Begi lilikuwa mgongoni, kubwa kama la wale vijana. Nikamwambia nataka kitanda, siku tatu. Aliona aibu, akaomba radhi, na naamini ilitoka moyoni. Nilichukua kitanda, nikalipa. Usiku, msichana mmoja aliyelala kitanda cha juu yangu akaniuliza mimi ni mwenyeji wa hapa. Nikasema hapana, ni msafiri kama wewe. Akasema, oh, na hapa unafanya kazi gani? Nilizima taa ya simu nikalala nikitazama mbao za kitanda chake.

Naandika hili kwa sababu najua wanaosoma hapa wapo dada wanaovunja vibubu vyao siku moja. Uhamiaji watakuuliza, mama zetu watakuuliza, na hata mahali palipojengwa kwa ajili ya wasafiri watakuangalia wasione msafiri. Iliniuma. Iliniuma zaidi ya kona 20 za Gorode, na asubuhi nilikuwa na hasira kiasi kwamba nikatoka kwenda sokoni bila chai.

Ndipo nikasikia cherehani. Ile sauti ya pedeli ninaijua kama sauti ya mama. Juu ya soko kuna duka lenye khonde ndefu, na kwenye khonde kulikuwa na mzee na Butterfly nyeusi, maandishi ya dhahabu yamefutika nusu. Huku fundi nguo anaitwa telala. Alikuwa anaunga chitenje cha kijani chenye ndege, na mashine ilikuwa inaruka mishono: mitatu inashika, mmoja unapita hewani. Alikuwa anasimama kila mara, anarudisha kwa mkono, anaendelea. Nilisimama nikamwangalia mpaka akainua macho.

Nikamwonyesha pindo langu lililoachia. Akanyoosha mkono nimpe. Mimi nikaonyesha sindano yake. Nikachuchumaa, nikaitazama kwa pembeni dhidi ya mwanga, na kweli, ncha ilikuwa imepinda, kidogo sana, kama unywele. Kwenye begi langu, katika zile kilo nane, kuna kijikebe cha peremende chenye bobini mbili, sindano namba 16 nne, na mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi ninaounoa kila Ijumaa. Nikafungua skrubu, nikaitoa ya kwake, nikaweka yangu, bapa likaelekea linakotakiwa. Nikakata uzi uliochakaa kwa mkasi, nikapitisha upya. Akakanyaga. Mishono ikalala chini kama mchwa kwenye mstari.

Mzee hakusema kitu. Alishona ndege mzima, kutoka mdomo mpaka mkia. Kisha akauchukua mkasi wangu, akaupitisha kwenye kucha ya kidole gumba kuujaribu makali, akasema methali ya Kichewa, maana yeye si mtu wa hapa, ametokea Dedza zamani: "Mlendo ndiye adza ndi kalumo kakuthwa." Mgeni ndiye ajaye na kiwembe kikali. Nikampa ya kwetu, mgeni njoo mwenyeji apone. Ilibidi mwanaye wa dukani, anayejua Kiswahili cha kununulia mzigo Mbeya, atusaidie hapo, na mzee alipoipata alicheka mpaka akatoa miwani.

Halafu akauliza lile swali. Umekuja kufanya nini Malawi?

Nikaanza: sina biashara, sina msiba, sina ndugu, natembea tu. Akaninyamazisha kwa mkono. Akasema nimeyapanga maneno vibaya, ninaorodhesha nisivyo navyo, kwa nini mtu asishangae? Sema hivi: *ndabwera kudzacheza.* Nimekuja kucheza. Nikasema, kucheza? Kwetu kucheza ni watoto, ni ngoma, ni mpira. Mwanaye akafafanua. Huku kucheza ni kukaa na mtu. Kumtembelea, mkazungumza, mkanywa kitu, ukaondoka. Mtu akikwambia amekuja kucheza hulazimiki kumuuliza zaidi. Unavuta kiti.

Nimelijaribu siku mbili hizi. Kwa muuza samaki: *ndabwera kudzacheza*, akavuta ndoo, akaigeuza, nikakaa. Kwa dada wa mapokezi pia nilimwambia, nikiwa nalipa siku ya mwisho. Akatulia, kisha akasema, "Basi hujacheza na mimi hata mara moja," akatoka nyuma ya meza tukakaa kwenye ngazi za mawe karibu nusu saa. Ni mtu wa Rumphi. Ana mtoto wa miaka minne anayelelewa na bibi yake. Ameishi juu ya ziwa hili miaka mitatu akipokea watu kutoka kila nchi, na yeye mwenyewe hajawahi kufika ng'ambo.

Mama nimemwandikia ujumbe wenye neno hilo. Amejibu: "Kucheza na nani?" Nitampigia.

Nilitamani kushuka kusini kwa meli ya Ilala, iliyoanza kupiga njia za ziwa hili mwaka 1951, kwa sababu ya jina tu. Mimi ni mtu wa Ilala. Lakini haipo gatini na sina siku za kusubiri. Telala amenipatia lori la mpwa wake, la samaki, linakwenda Nkhotakota. Kupanda juu ya lori hivi wanaita matola. Amenikataza kulipa nauli nzima, na amenishonea pindo mwenyewe, mshono wa mkono, mdogo mdogo, nisingeweza kuushinda. Sindano yangu nimemwachia na nyingine moja ya akiba.

Linaondoka 5 koloko. Hiyo ni saa kumi na moja alfajiri, na Buguruni itakuwa saa kumi na mbili, mama anachemsha chai. Nimeandika zote tatu kwa kalamu kwenye kiganja.